Msimbo wa mashine za zamani: kwa nini Linux inaufuta, na mwenye mashine hizo afanyeje

Swali. Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Maabara yetu ina mashine za msaada, nyingi zimewekewa Debian 12 (mfumo endeshi wa jamii ya Linux) ya biti 32. Nilipotafuta Debian 13 nikakuta hakuna kabisa kisakinishi cha biti 32. Fundi mmoja kijana akaniambia hata Linux yenyewe imekuwa ikifuta msimbo wa vifaa vya zamani kwa sababu za usalama. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Msimbo umeshaandikwa, unafanya kazi, na kuuacha ulipo hakugharimu kitu. Asiye na kifaa hicho si hautumii tu? Unamhatarisha nani? Na sisi tusio na bajeti ya mashine mpya tufanye nini?

Jibu. Mwalimu, katika swali lako kuna sentensi moja ambayo watu wengi wanaiamini, na mjadala wote umesimama juu yake: kwamba asiye na kifaa hautumii msimbo wake. Ingekuwa kweli, nisingekuwa na la kukujibu. Bahati mbaya si kweli. Msimbo wa kifaa usichonacho unaweza kuamshwa ndani ya mashine yako na mtu mwingine, na ukishaamka unafanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa yaliyomo kwenye kompyuta.

Tazama kinachotokea unapochomeka kitu chochote kwenye tundu la USB. Kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani inayozungumza na vifaa, hakina macho ya kukiona kifaa. Kinakiuliza tu kuwa wewe ni nani. Kifaa kinajibu kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na moja ya bidhaa, kisha kinaeleza kina sehemu ngapi na kila sehemu inafanya nini. Kiini kinazichukua namba hizo, kinatafuta draiva inayolingana nazo, yaani msimbo unaojua kuzungumza na kifaa cha aina hiyo, kinaipakia, na draiva inaanza kuyasoma yale maelezo. Hakuna anayehakiki kama namba ni za kweli. Kibao kidogo cha elektroniki kinachoingia mfukoni kinaweza kudai kuwa ni kadi ya sauti ya miaka ishirini iliyopita, na kiini kitaamsha draiva ya kadi hiyo bila kuuliza swali la pili.

Hili si jambo la kufikirika. Februari 2025 Amnesty International ilichapisha uchunguzi wake kuhusu simu ya Android ya mwanaharakati mmoja, mwanafunzi nchini Serbia. Simu ilikuwa imefungwa. Iliyoifungua ni zana ya Cellebrite, kampuni inayouza vifaa vya kufungulia simu, na njia iliyopitia ni tundu la USB, kwa kuigiza vifaa ambavyo havikuwepo. Amnesty ilitaja kasoro tatu katika kiini cha Linux, ambacho ndicho kiini cha Android. Moja kati ya hizo, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2024-53197, imo katika msimbo wa kadi za sauti za USB, katika kipande kilichoandikwa mahususi kwa ajili ya kadi za Extigy ya kampuni ya Creative na Mbox. Extigy ni kadi ya sauti ya nje ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nakuomba ufikirie ni watu wangapi duniani waliowahi kuichomeka kwenye simu.

Kasoro yenyewe inafundisha sana, kwa hiyo vumilia niieleze. Kadi hizo zilikuwa na tabia ya pekee: baada ya kuwashwa zilijitambulisha upya, na maelezo ya pili yangeweza kutofautiana na ya kwanza. Ili zifanye kazi, kiini kiliwekewa ruhusa maalumu ya kuyasoma maelezo yake mara ya pili. Mara ya kwanza kinahesabu mipangilio iliyotajwa na kutenga nafasi ya kuitosha kwenye kumbukumbu. Mara ya pili kinapokea maelezo mapya, yenye hesabu mpya, na nafasi haiongezwi. Kifaa halisi cha Creative hakikuwa na sababu ya kudanganya. Kifaa cha kuigiza kinasema mwanzoni nina mpangilio mmoja, kisha kinasema ninayo mingi, na kiini kinakwenda kugusa kumbukumbu iliyo nje ya eneo lililotengwa. Aliyeandika ruhusa ile alikuwa anamsaidia mwenye kadi. Zama zile hakuna aliyefikiri kwamba kifaa kinachochomekwa kinaweza kuwa adui.

Naeleza hivi kwa kirefu kwa sababu ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya draiva za zamani. Mwandishi wake hakuwa mzembe. Aliandika kwa kuamini kwamba kifaa kinasema kweli, na kwa wakati wake imani hiyo ilikuwa na maana.

USB si mlango pekee. Mwaka 2015 mtafiti Jason Geffner wa kampuni ya usalama ya CrowdStrike alitangaza kasoro iliyopewa jina VENOM katika QEMU, programu huria ya kuendesha kompyuta pepe ambayo huduma nyingi za seva za kukodi ziliitegemea. Kasoro ilikaa katika msimbo unaoigiza kidhibiti cha disketi, na ilikuwa imelala humo tangu 2004. Mteja aliyekodi seva pepe angeweza kuitumia kutoka nje ya boma lake na kuingia kwenye mashine mama, na kutoka hapo kuwafikia wateja wengine. Msimamizi aliyekuwa makini akaizima disketi hakupona pia, kwa kuwa kasoro nyingine iliuacha ule msimbo ukiwa hai. Na mwaka 2017 mtafiti Alexander Popov alionyesha tundu katika moduli (kipande cha kiini kinachopakiwa kinapohitajika) ya `n_hdlc`, iliyotungwa kwa ajili ya aina ya mawasiliano ya laini za data ambayo mtumiaji wa kawaida hajawahi kuiona. Tundu lilikuwepo tangu 2009. Katika mifumo mingi mtumiaji yeyote asiye na mamlaka aliweza kukiomba kiini kiipakie moduli hiyo, hata kama kwenye mashine hakuna kifaa chochote kinachoihitaji, kisha akajipandisha kuwa msimamizi.

Sasa nije kwenye neno lako kwamba kuuacha hakugharimu kitu. Kiini cha Linux hakikai kimya. Namna draiva zinavyoomba kumbukumbu, zinavyofunga kufuli, zinavyohesabu muda, vyote hubadilika, na kila kikibadilika lazima draiva zote zirekebishwe pamoja. Kwa kifaa ambacho kuna mtu anacho, mabadiliko yanajaribiwa. Kwa kifaa ambacho hakuna anayekitumia, mtunzaji anasahihisha gizani: anahakikisha msimbo unakubali kukusanywa na kikusanyaji (programu inayougeuza kuwa lugha ya mashine), basi. Matokeo yake draiva inazidi kuharibika kila mwaka huku ikionekana inatunzwa. Wakati huohuo zana kama syzkaller ya Google, ambayo kazi yake ni kukipiga kiini kwa data mbovu mchana na usiku, inaleta ripoti za kasoro za draiva hizohizo. Kila ripoti inadai muda wa mtu. Muda huo unatoka kwenye draiva ya Wi-Fi ya laptopu yako.

Kwa sababu hiyo mwaka 2018, katika toleo la 4.17 la kiini, jamii nane za prosesa ziliondolewa kwa mkupuo mmoja: blackfin, cris, frv, m32r, metag, mn10300, score na tile. Karibu mistari nusu milioni ilitoka. Itanium ya Intel, iliyowahi kutangazwa kuwa ndiyo mrithi wa prosesa zote za seva, ilitoka katika toleo la 6.7 lililokamilika Januari 2024, na kuna kikundi kidogo kinachoendelea kuitunza nje ya kiini kikuu.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni 386, kwa kuwa unaonyesha kwamba wakati mwingine udhaifu umo kwenye chuma chenyewe. Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya 386. Prosesa hiyo ililinda kurasa za kumbukumbu, yaani vipande inavyogawanywa, zisiandikwe na programu za kawaida, lakini kiini kikitaka kuandika, ulinzi haukuheshimiwa. Ukurasa uliowekewa alama ya "soma tu" uliandikwa bila kengele yoyote kulia. Sasa Linux hutegemea sana alama hiyo. Programu mbili zinaweza kushirikiana ukurasa mmoja uliofungwa usiandikwe, na yeyote anapojaribu kuuandika, prosesa inapiga kengele na kiini kinamtengenezea nakala yake. Kwenye 386, programu ikikiomba kiini kiisomee faili kwenye ukurasa kama huo, kengele haikulia. Kwa hiyo ilibidi kiini kijikague chenyewe kwanza, ukurasa baada ya ukurasa, ndipo kiandike. Kati ya kukagua na kuandika palikuwa na mwanya, na uzi mwingine wa programu hiyohiyo, yaani sehemu yake inayoendeshwa sambamba, ungeweza kupita hapo na kuibadili hali ya ukurasa. Prosesa ya 486 iliondoa tatizo kwa kuongeza biti moja tu ya udhibiti. Msimbo wa kuibeba 386 uliendelea kukaa ndani ya sehemu nyeti kuliko zote hadi Desemba 2012, Ingo Molnar, mmoja wa watunzaji wa kiini, alipotuma mabadiliko ya kuutoa na Torvalds akayapokea. Mashine ya kwanza ya Linux iliachwa na Linux yenyewe, na naona ulikuwa uamuzi sahihi. Mwaka 2025 Molnar alipendekeza hatua hiyohiyo kwa 486 na baadhi ya Pentium za mwanzo.

Kuna kundi jingine, la vifaa ambavyo kasoro yao haizibiki kwa sababu ndiyo muundo wake. Kadi za Wi-Fi za mwanzo za kuchomeka ubavuni mwa laptopu zilijengwa kwa ajili ya WEP, njia ya kwanza ya kufunga Wi-Fi kwa siri, na nyingi hazikuweza kuvuka hapo. WEP ilivunjwa na watafiti mwaka 2001. Anayeiendesha leo anatangaza kila anachokituma kwa yeyote aliye karibu na mwenye subira. Programu ya `wpa_supplicant`, ambayo ndiyo inayoziunganisha Linux nyingi na Wi-Fi, iliizima WEP kwa chaguo-msingi katika toleo la 2.10 la Januari 2022, na mwaka 2023 watunzaji wa kiini walikubali kuondoa draiva kadhaa za kadi za kizazi hicho. Hapo sina huruma. Kumwachia mtu kadi kama ile huku akiamini mtandao wake umefungwa ni kumdanganya.

RNDIS ni habari tofauti, na hii inakuhusu wewe na mimi moja kwa moja. RNDIS ni itifaki ya Microsoft ya kupitisha mtandao kwenye waya wa USB. Ujumbe wake unabeba ndani yake vipimo vya mahali data inapoanzia na urefu wake, na mpokeaji anatarajiwa kuviamini. Novemba 2022 Greg Kroah-Hartman, mtunzaji wa sehemu ya USB katika Linux, alituma kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, cha kuzima draiva zote za RNDIS kwa hoja kwamba itifaki hiyo si salama kwa muundo wake, na haifai mahali popote ambapo kifaa cha upande wa pili hakiaminiki. Kwa upande wa usalama hoja yake ilikuwa nzito. Ila RNDIS ndiyo ambayo simu nyingi za Android zimekuwa zikitumia unapochomeka waya wa USB ili kuigawia laptopu bando. Simu mpya zaidi zinatumia NCM, itifaki safi zaidi, lakini simu ya miaka michache nyuma bado inasema RNDIS. Watu walipinga, kiraka kile hakikupita, na draiva ya kupokea mtandao kutoka kwenye simu ikabaki. Iliyotoka ni ile ya zamani ya kadi za Wi-Fi za RNDIS, pamoja na wenzake wa WEP.

Nchini kwetu ni wangapi hawana njia nyingine ya kuingia mtandaoni kwenye kompyuta zaidi ya bando la simu? Kiraka kile kingepita kimyakimya, mwanafunzi wa chuo angepandisha toleo usiku na asubuhi akakuta simu yake haitambuliki, bila kujua kwa nini, na bila mtandao wa kutafutia sababu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema usalama unatangulia kila kitu. Kanuni ninayoifuata ni hii: msimbo usio na mtumiaji uondoke haraka, wenye mtumiaji upewe mtunzaji na muda wa kuhama, na kabla ya kusema hauna mtumiaji mtu aulize kweli.

Na hapo kwenye kuuliza ndipo penye manung'uniko yangu. Mtunzaji anayetaka kuondoa draiva kwa kawaida hutuma barua pepe kwa wenzake na kungoja. Wakati mwingine anaonyesha kwamba draiva imevunjika tangu miaka kadhaa na hakuna aliyelalamika, kwa hiyo haina mtu. Mantiki yake ni nzuri kwa mtu anayesasisha mfumo kila mwezi. Wewe Iringa uko kwenye Debian 12, ambayo kiini chake ni 6.1, toleo la Desemba 2022. Kitu kilichovunjwa mwaka 2024 utakigundua siku utakapohama, wakati wenzio walishakifunga kitabu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Kwa watunzaji wa kiini, kimya kina maana moja tu: hakuna mtumiaji. Watu wanaoziendesha mashine za zamani kwa wingi, yaani shule, zahanati, ofisi za kata na mafundi wa mitaani, ndio ambao sauti yao haifiki kabisa kule.

Kufutwa hakumaanishi kupotea, hilo nalo ulijue. Historia yote ya msimbo inabaki, na mwenye sababu anaweza kuurudisha. Prosesa za h8300 ziliondolewa katika toleo la 3.13, zikarudishwa katika 4.2 mwaka 2015 baada ya kupata wa kuzitunza, kisha zikatoka tena katika 5.19 mwaka 2022 mtunzaji alipokosekana. Wala Linux siyo nyumba pekee. NetBSD 10, iliyotoka Machi 2024, bado inaendeshwa kwenye mashine za biti 32 za kuanzia 486.

Sasa Debian. Tenganisha mambo mawili, maana fundi wako ameyachanganya kidogo. Kiini cha Linux bado kinaendesha prosesa za biti 32 za jamii ya Intel. Walioamua kutotengeneza tena kiini na kisakinishi cha mashine hizo ni watu wa Debian, katika toleo la 13 la Agosti 2025, kwa kuwa wa kuzijaribu na kuzitunza walikwisha. Lakini usalama nao umo. Januari 2018 dunia ilipoambiwa kuhusu kasoro ya Meltdown katika prosesa za Intel, kinga yake kwa biti 64 ilikuwa tayari mwezi huohuo. Kwa biti 32 ilifika katika toleo la 4.19, Oktoba. Miezi tisa kiini cha biti 32 kilikaa wazi, kwa sababu wa kuandika kinga yake walikuwa wachache.

Kuna pengo jingine ambalo hakuna kiraka kitakacholiziba. Mfumo wa leo huzitawanya programu kwenye kumbukumbu bila mpangilio, ili mvamizi asijue pa kulenga. Katika biti 64 Linux huchagua eneo la maktaba za programu kwa biti 28 za bahati nasibu, yaani zaidi ya uwezekano milioni 260. Katika biti 32 chaguo-msingi ni biti 8: uwezekano 256. Mvamizi anayeweza kujaribu tena na tena anaumaliza muda si mrefu. Nafasi ya kutawanyia haipo tu.

Tufike kwenye maabara yako. Kabla ya jambo lolote, hakikisha kwamba mashine ni za biti 32 kweli. Nimekuta mara nyingi mfumo ni wa biti 32 huku prosesa ni ya biti 64, kwa sababu aliyeweka mfumo alitumia diski aliyokuwa nayo. Fungua tamino (Terminal, dirisha la kuandikia amri), andika `lscpu`, uangalie mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukisoma "32-bit, 64-bit", mashine hiyo inaweza kupokea Debian 13 ya kawaida. Amri ya `uname -m` haitoshi, maana inakuambia kiini kilichowekwa, haikuambii prosesa. Kila Core 2 Duo ni ya biti 64, na Pentium 4 nyingi za mwisho pia. Zilizo za biti 32 tupu ni kama Pentium M za laptopu na Atom N270 ya zile laptopu ndogo za mwaka 2008 na kuendelea. Mfumo wa biti 64 unakula RAM zaidi, kwa hiyo kwenye mashine yenye GB 1 weka LXQt au mazingira mengine mepesi ya eneo-kazi, na ukipata vijiti vya RAM vya mtumba vya kufikisha GB 2 vinunue kabla ya kitu kingine chochote. Kumbuka kwamba kuhama kutoka biti 32 kwenda 64 ni kusakinisha upya. Toa mafaili ya wanafunzi kwanza.

Zitakazobaki, za biti 32 tupu, usizipeleke Debian 13 kwa njia za mkato. Ziache kwenye 12, ambayo imepangiwa marekebisho ya usalama ya muda mrefu hadi Juni 2028, na uhakikishe hazina ya usalama imo kwenye orodha ya vyanzo vya `apt`, programu inayoleta vifurushi na masasisho. Wasiwasi wangu mkubwa hapo si kiini, ni kivinjari. Chrome iliziacha Linux za biti 32 mwaka 2016. Mozilla nayo ilitangaza kwamba Firefox 144 ni ya mwisho kwa biti 32 kwenye Linux, na toleo la muda mrefu la ESR 140 lina ahadi ya hadi angalau Septemba 2026. Kivinjari kisichozibwa matundu ni hatari zaidi kwa wanafunzi wako kuliko draiva yoyote niliyoitaja hapa, kwa kuwa kinakwenda chenyewe kwa wageni kila siku. Baada ya tarehe hiyo zitenge mashine hizo na intaneti. Zitumike kufundishia kuchapa, LibreOffice, Python, kurasa za wavuti zinazokaa kwenye seva ya maabara, na kufungua kompyuta na kuifunga. Matokeo ya mitihani, barua pepe za ofisi na malipo ya serikali visifunguliwe humo hata kwa dakika moja.

Zaidi ya hapo unaweza kufanya kwa mkono wako kile wanachofanya watunzaji. Kwa kila mashine tazama vifaa vilivyomo kwa `lspci -k` na `lsusb`, na moduli zilizopakiwa kwa `lsmod`. Usichokihitaji kizuie. Tengeneza faili ndani ya `/etc/modprobe.d/` lenye mistari kama hii:

`install n_hdlc /bin/false`
`install floppy /bin/false`
`install firewire-ohci /bin/false`

FireWire nimeiweka makusudi. Laptopu nyingi za zamani zina tundu lake, na teknolojia hiyo iliruhusu kifaa kilichochomekwa kusoma kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja bila kupitia prosesa. Ilisaidia sana kamera za video za wakati ule. Kama hamrekodi video kwa kamera hizo, izime. RNDIS iache kama kuna mwalimu anayetumia bando la simu yake kwa waya. Ukiwasha upya, jaribu kila mashine kabla ya kuendelea na inayofuata.

Jambo la mwisho linanigusa kuliko yote, nalo ni hilo la sauti. Debian ina kifurushi kinachoitwa `popularity-contest`. Ukikiweka na kukubali, mashine inatuma mara moja kwa wiki orodha ya vifurushi vinavyotumika pamoja na jamii ya prosesa, bila majina ya watu, na takwimu zake hutazamwa pale watu wanapojadili nani bado anatumia nini. Swali la kujiunga nacho linakuja wakati wa kusakinisha, na jibu la kawaida ni hapana. Maabara nyingi za shule zetu zinasakinishwa kwa diski, nje ya mtandao, mtu anabonyeza "endelea" hadi mwisho, na mashine zote zinakuwa kana kwamba hazipo. Endesha `sudo dpkg-reconfigure popularity-contest` kwenye kila mashine inayoingia mtandaoni, zikiwemo za biti 32 wakati bado zinaingia.

Na siku ukisikia draiva unayoitegemea imependekezwa kuondolewa, waandikie watunzaji wake. Anwani zao ziko katika faili la MAINTAINERS ndani ya msimbo wa Linux. Usilalamike kwa ujumla kwamba maskini wameonewa. Taja kifaa kwa jina lake na namba zake kama zinavyotoka kwenye `lspci -nn` au `lsusb`, taja toleo la kiini ulilonalo, mna mashine ngapi na zinafanya kazi gani, kisha useme kama uko tayari kujaribu kiraka kwenye kifaa hicho. Barua kama hiyo ina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu kinachokosekana kule mara nyingi ni mtu mwenye kifaa mkononi. Ukipenda nitumie rasimu kwanza, nikusaidie kuiweka katika Kiingereza wanachokitarajia.